Mgeni wa Muleba Aliyenyweshwa Lubisi

Kuna namba nilizozifuta kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo nikifungua lile jedwali kwenye kompyuta naona mahali zilipokuwa. Ni nafasi tupu katika safu ya tatu, safu ya Muleba, na kando yake nimeandika kwa Kiingereza safi cha mwalimu wa fizikia kwamba mita ilikuwa mbovu. Mita haikuwa mbovu. Ilikuwa nzima kuliko mimi.

Nilikuwa nafundisha sekondari moja ya Bukoba mjini, naishi Kitendaguro, waliponiita niwe mtu wa vipimo katika mradi wao. Nasema wao, ingawa kwenye karatasi sote tuliandikwa washirika. Kulikuwa na maabara ya chuo kikuu kimoja cha Ulaya, chini ya profesa mmoja, mama wa makamo mwenye maswali mengi. Kulikuwa na kampuni ya Japani iliyotengeneza vitambaa vya kaboni, na chuo kimoja cha Dar es Salaam. Halafu kulikuwa na mimi, mwenye pikipiki na daftari. Kila Alhamisi mchana tulikutana kwenye skrini, kila mtu na lafudhi yake, na mimi nilivaa shati la kola hata kama chini nilikuwa na kaptula.

Walichokuwa wakikitafuta ni seli ya fueli ya mtu wa kijijini. Seli ya fueli hutoa umeme bila kuchoma kitu. Unailisha, nayo inakupa umeme. Zile za magari hulishwa hidrojeni. Yetu ililishwa maji ya maganda ya ndizi, na kazi yote ilifanywa na vijidudu wa kwenye tope la kinamasi, wanaokula utamu wa maganda na kuacha umeme kidogo kwenye kitambaa cha kaboni. Kagera walituchagua kwa sababu ndizi tunazo, tope tunalo, na sola kwetu inasumbua. Mvua haikatiki, na nyumba nyingi zimezama ndani ya kibanja, shamba letu la ndizi, migomba imefunika bati mpaka jua linaingia kwa kubahatisha.

Tulifunga masanduku matatu ya seli hizo: moja Ijuganyondo, moja Izimbya, moja Muleba. Sharti lilikuwa moja na kila mtu alilijua. Mvua za masika zikiisha kabla sanduku lolote halijawasha taa moja ndogo kwa siku nzima, kampuni ingechukua vitambaa vyake na mradi ungefungwa.

Sanduku la Muleba tuliliweka kwa mama mmoja ambaye mume wake alikuwa amepooza upande mmoja. Mzee alilala chumba cha ndani, chumba kisicho na dirisha, chenye giza hata saa sita mchana. Mama hakutaka taa ili asome wala ili apendezeshe nyumba. Alitaka amwone mumewe usoni anapomlisha. Alinieleza siku ya kwanza, kwa Kihaya chetu, kwamba uji ukimpalia mzee yeye hujua kwa sauti tu, na sauti huja wakati umeshamkaba.

Siku ya kufunga sanduku profesa mwenyewe alikuja kutoka Ulaya. Mama alitoka na kikapu kidogo cha akamwani, ile kahawa yetu ya kutafuna anayopewa mgeni kabla ya neno lolote, akatugawia mmoja mmoja kwa mikono miwili. Akafika kwenye sanduku. Akasimama, akafikiri, kisha akaweka punje tatu juu ya mfuniko wake. Tulicheka wote. Profesa akapiga picha. Mimi nilimtafsiria kwamba mama anatania, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, maana mama hakuwa anatania hata kidogo. Kitu kilicholetwa kutoka mbali kikalazwa nyumbani kwake kilikuwa mgeni, basi.

Utaratibu wa kulisha ulikuwa wa kitoto kwa wepesi. Kikombe kimoja cha maji ya maganda, asubuhi, kila siku, na si kingine chochote. Kikombe chenyewe tulikitoa sisi, kimechorwa mstari. Mimi nilipita kila nyumba mara moja kwa wiki kuchukua namba za umeme zilizohifadhiwa na mita.

Ijuganyondo na Izimbya namba zilitambaa chini, wiki baada ya wiki. Muleba nayo ilitambaa, ila kila baada ya majuma kadhaa iliruka. Ilipanda ghafla, ikakaa juu siku mbili tatu, kisha ikashuka polepole. Mara ya kwanza nilidhani waya umelegea. Mara ya pili nilibadilisha mita. Mara ya tatu nilipanda pikipiki siku ambayo si yangu, nikaenda bila taarifa.

Nilikuta watu uani. Ilikuwa siku ya kukamua lubisi, pombe yetu ya ndizi, na majirani walikuwa wamekuja kumsaidia mama kazi ile na kukaa na mgonjwa. Mzee alikuwa amewekewa kibuyu chake na mrija. Na mama nilimkuta ameinama kwenye sanduku, mfuniko uko chini, anamimina makapi ya lubisi kwa kata, taratibu, kama anayemhudumia mkwe.

Nilimuuliza anafanya nini.

"Nampa mgeni fungu lake, waitu," akasema. "Siku ya kukamua, mtu amelala kwangu, nimnyime? Majirani wataniona mtu wa namna gani?"

"Tangu lini?"

"Tangu mlipomleta. Kila nikikamua. Na anapenda, bojo. Akinywa, taa inang'aa mpaka namwona mzee kope. Njoo uone."

Sikwenda kuona. Hilo ndilo linalonila. Chumba kilikuwa hatua sita kutoka niliposimama, na taa ilikuwa inawaka humo, na mimi mtu wa vipimo sikwenda kuitazama. Nilipandwa na hasira, tena hasira ya mtu mwoga, maana niliona miezi yangu ya kazi imeingia uchafu na jina langu liko chini ya kila ukurasa. Nikaacha Kihaya. Nikamsemesha Kiswahili kile cha paredi ya shule, mbele ya majirani zake, mwanamke wa umri wa mama yangu. Nikamwambia ameharibu utafiti wa watu wa mataifa matatu. Nikamwambia chombo cha kitaalamu si mlevi wa kijijini.

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akafunika sanduku.

"Nisamehe, mwalimu," akasema, naye kwa Kiswahili. "Sitampa tena."

Na kweli hakumpa tena. Aliyevunja utaratibu aliufuata tangu siku hiyo, na aliyeulinda akarudi Kitendaguro akafuta namba. Nilifuta kila mahali ziliporuka kabla sijawatumia wenzangu jedwali, nikaandika habari ya mita.

Alhamisi iliyofuata profesa aliniuliza. Hakuzunguka. Alisema safu ya Muleba ina mapengo, na kabla na baada ya kila pengo anaona kama mlima uliokatwa kilele. Je, kuna kitu kilichobadilika pale nyumbani? Chakula, maji, chochote? Kwenye skrini uso wake ulikuwa umesogea karibu kabisa. Mhandisi wa kampuni ya Japani aliacha kuandika akanisubiri. Dar es Salaam walisubiri.

Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Mama anakipa chombo makapi ya lubisi siku za kukamua, nacho kinapanda. Basi. Mtoto wa kidato cha pili angeisema. Lakini nilisikia masikioni jinsi ingesikika: kwamba huko kwao wanamwaga pombe kwenye vyombo, kwamba huyu tuliyemwamini alishindwa kumsimamia bibi mmoja wa kijijini. Tena profesa alikuwa amegusia nafasi ya masomo kule kwake, na mimi usiku na mchana nilikuwa naiota. Nikasema hakuna kilichobadilika. Nikasema mita za aina ile hazivumilii unyevu wa Kagera. Profesa akasema sawa, akaandika.

Aliuliza vizuri kabisa yule profesa. Sijawahi kuulizwa swali vizuri namna ile maishani, na mimi ndiye niliyekaa miaka darasani nikiwaambia watoto kwamba namba inayokushangaza ndiyo ya kuishikilia.

Masika yakaisha. Kwenye jedwali hakuna sanduku lililotimiza siku nzima. Kikao cha mwisho kilikuwa cha heshima sana, kila mmoja akamshukuru mwenzake, kampuni ikasema imejifunza mengi. Nafasi ya masomo haikutajwa tena wala sikuwa na uso wa kuikumbusha. Nilitumwa kukusanya vitu.

Muleba nilifika asubuhi. Mama alinipa akamwani kama kawaida, kwa mikono miwili, ingawa mara ya mwisho nilikuwa nimemfokea uani kwake. Nilifungua waya, nikaitoa taa kwenye chumba cha ndani. Mzee aligeuza jicho moja akanitazama nikiondoka nayo. Nilipokuwa nafunga sanduku nyuma ya pikipiki mama alinisogelea, akashusha sauti ili mumewe asisikie.

"Mwalimu, niambie ukweli. Ni lubisi yangu iliyomuua mgeni?"

Nilikaza mpira wa mzigo. Nilikuwa najua kwamba siku ambazo chombo kile kiliishi vizuri ni zile ambazo yeye alikinywesha. Nikasema, "Ni mambo mengi, mama. Si wewe peke yako."

Si wewe peke yako. Nimeifikiria sentensi hiyo kuliko sala yoyote. Ingekuwa afadhali ningenyamaza.

Kitambaa na mita nilivirudisha. Sanduku la Muleba, kwa kuwa lilikuwa na ufa, niliambiwa nilitupe, nami sikulitupa. Lilikaa nyuma ya nyumba yangu Kitendaguro miaka, kuku wakilala juu yake. Mwaka juzi, wakati wa likizo, niliziba ufa, nikaweka tope, nikaunga vipande vya kitambaa vilivyobaki tulipokuwa tunakata siku ya kufunga. Nikaenda kwa jirani anayekamua nikaomba makapi. Akaniuliza nafuga nguruwe? Nikamwambia ndiyo. Hata kwa jirani nilishindwa kusema kweli.

Taa iliwaka. Iliwaka siku nzima, na kesho yake, na kesho yake tena, imetulia juu ya meza ya jikoni mchana kweupe wakati haihitajiki na mtu. Nilikaa nikaitazama mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa. Niliona aibu kuliko siku nyingine yoyote niliyowahi kuishi.

Nilimwandikia profesa, nikamweleza yote bila kupamba. Alijibu baada ya wiki. Aliandika kwamba maabara ile imeshageukia kazi nyingine, vitambaa vile havitengenezwi tena, na wale vijana aliofanya nao kazi wametawanyika. Alinishukuru kwa uungwana. Mwishoni akaongeza: "Nilikuuliza." Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyamwaga mwenyewe.

Alibaki mama wa Muleba. Jumamosi moja nikafunga sanduku kwenye pikipiki, na taa, nikaenda Muleba.

Alikuwa uani anaanika kahawa. Amezeeka, lakini alinitambua kabla sijavua kofia, akaingia ndani kuleta kikapu. Nilitafuna akamwani yake. Nikauliza habari za mzee, akanionyesha kwa kidevu upande wa migomba. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Chumba cha ndani sasa kilihifadhi maharage.

Nilisema nilichokwenda kusema. Nilisema kwa Kiswahili, tena nimesimama, kama ninayesoma taarifa: kwamba lubisi haikuua kitu, kwamba ndiyo iliyokuwa inakipa nguvu, kwamba nililijua hilo na nikalificha, kwamba kama ningesema, huenda taa isingeondoka.

Alisikiliza mpaka mwisho, kahawa mkononi. Hakukasirika, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, sikuwa nimejiandaa kwa kitu kingine.

"Basi sikumuua," akasema.

"Hukumuua, mama."

Akaweka kahawa chini, akanishika mkono, akaniongoza ndani ya kibanja mpaka kwenye kaburi. Lilikuwa safi, limefagiliwa, kuna mgomba mchanga kichwani.

"Mwambie na huyu," akasema. "Nilipomlisha gizani uji ukimpalia, nilikuwa namwomba radhi kwamba ni mimi niliyemzimia taa. Amekwenda akijua hivyo."

Nilianza. Sentensi ya kwanza haijaisha akanigusa bega.

"Si Kiswahili, bojo. Huyu Kiswahili hakukipenda. Kile ulichonigombezea siku ile alikisikia mpaka ndani."

Nikarudia tangu mwanzo, kwa Kihaya, polepole, kila neno. Mama alisimama pembeni akiitikia kama tunavyoitikia mtu anapotoa habari, mpaka nilipomaliza. Kisha akaniambia twende nyumbani nikale, na kwamba nisiondoke na yule mgeni, maana kesho anakamua.