Kadi ya Kola

Tarehe 14 Machi 2019, kipimo cha ultrasound kilionyesha kinyama cha milimita sita ndani ya mfuko wa nyongo wa fundi mmoja wa sare za shule. Daktari alimwambia vingi vya aina hiyo havina madhara, ila kikifika milimita kumi mfuko hutolewa. Akamwandikia tarehe ya kurudi, miezi sita mbele, kwenye kadi ngumu.

Jirani akampeleka kwa tabibu wa tiba za Kichina. Tabibu alimshika mshipa wa mkono kwa vidole vitatu, akatazama ulimi. Kwa tiba yao, alieleza, ini ndilo linalosukuma nguvu ya mwili. Mtu akimeza hasira, nguvu hiyo hukwama, unyevu na joto hujikusanya, kinyama huota.

“Mama, una hasira na nani?”

“Sina hasira na mtu.”

“Ulimi wako unasema vingine.” Akampa majani ya kuchemsha, akamsisitiza asiache kipimo cha hospitali.

Nyumbani, mume alisikia alichotaka. “Basi usikasirike, umekatazwa.” Dada yake mume, aliyekuja kusalimia na kuishia kukalia cherehani ya pili, alidakia: “Wifi, cheka kidogo. Utaotesha cha pili.”

Fundi alicheka.

Vipimo vya watoto wa watu alikuwa navyo kichwani, mabega na viuno. Tarehe yake mwenyewe aliiachia kadi, na kadi akaiweka kwenye droo. Wifi, akitafuta kitu kigumu cha kukatia kola, akaitoa na kuikata kwa mkasi iwe na umbo la kola. Kwa miaka miwili fundi aliizungushia chaki, maandishi yakiwa chini, bila kuigeuza hata siku moja.

Aliigeuza ncha zilipolika. Akakuta nusu ya jina lake na neno “Rudi”.

Kesho yake akaenda. Milimita kumi na mbili.

“Wifi, kadi hii uliitoa wapi?”

“Kwenye droo. Ilikuwa imekaa bure tu. Kwani vipi?”

Pini tatu zilikuwa midomoni mwa fundi. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa.

“Hamna,” alisema. “Kola zimekaa vizuri.”

Jumanne ijayo atapasuliwa. Kola arobaini zilizobaki atazikata wifi, kwa kadi ileile.