Asali Iliyochujwa Mara Mbili

Nilipomaliza chuo kikuu sikukubali jambo lolote bila kulihoji: mahubiri, ahadi za wanasiasa, hata hilo soko huria tuliloambiwa litatutajirisha. Kitu kimoja tu sikukihoji, tovuti niliyoitengeneza mwenyewe.

Niliwatengenezea akina mama wa Mgori, kikundi cha wafugaji nyuki kilichoongozwa na mama yangu mdogo, ili wapate wanunuzi wa mbali. Miezi ikapita, asali imekaa kwenye ndoo, hakuna aliyepiga simu. Mkutanoni wakaniuliza kulikoni. Nikajibu bila kupepesa macho, "Asali yenu ina takataka. Wanunuzi wa siku hizi wanachagua." Sikuwa nimeongea na mnunuzi hata mmoja.

Wakaichuja upya yote kwa vitambaa, ndoo baada ya ndoo.

Kisha mama mdogo akaja mjini, akataka kuiona hiyo tovuti. Nikampeleka kwenye intaneti kafe. Picha ya msitu ikashuka polepole, kipande kwa kipande.

"Mbona majani tu?"

"Subiri, mama mdogo."

Baada ya picha ikaja fomu: jina, nchi, kazi, barua pepe. Usipoijaza huendi mbele. Ikabidi nimtafsirie, maana kila kitu nilikiandika kwa Kiingereza.

"He! Mgeni hata kigoda hajapewa, unamuuliza ukoo?"

Mhudumu wa kafe akacheka. Nikasema ndivyo wanavyofanya Ulaya.

"Haya, msomi wangu. Mimi ndiye huyo wa Ulaya, nataka asali. Nipige simu wapi?"

Nikaitafuta namba ya duka la mtaani Mandewa, tulikopokelea simu. Nikafungua ukurasa huu, nikarudi, nikafungua ule. Niliikuta mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya jina langu na shahada yangu.

Akaitazama ile namba. "Kwa hiyo asali haikuwa chafu."

Hakuwa anauliza. Nikajifanya nahangaika na kipanya.

Wiki ile niliondoa picha na fomu, nikaandika kwa Kiswahili, namba nikaiweka juu. Haukupita muda mrefu, mnunuzi wa Dodoma akapiga, akaja Mgori.

"Asali safi hii! Mnafanyaje?"

"Tunachuja mara mbili," akajibu mmoja wao. "Katufundisha huyu kijana wetu, msomi."

Wakanipigia makofi. Mama mdogo alikuwa ameshika mfuniko wa ndoo kwa mikono miwili, na hakuuweka chini.