Ruhusa ya Maître Bwambale

Wafanyabiashara wa Butembo wakikosana, wengi hawakimbilii tribunali. Huenda kwanza Maison ya Masikilizano, nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, ambako pande mbili husaini kwamba zitafuata neno litakalotoka humo. Mwamuzi alikuwa mama Marie-Jeanne, jaji aliyestaafu. Katibu wake alikuwa Virginie Kavuo, mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, mzaliwa wa Lubero, ambaye masista walimfundisha Kifaransa na kupiga mashine bila kutazama vidole.

Kanuni kuhusu mawakili wa nje aliiandika yeye mwenyewe. Mwaka uliotangulia, mtu mmoja aliyevaa joho jeusi alifika Kirumba akijiita avocat kutoka nchi jirani, akachukua kesi za wanawake watatu wauza maharagwe, kisha akatoweka na karatasi zao. Virginie aliwapokea wanawake wale wakilia. Wiki hiyohiyo akampelekea Marie-Jeanne mistari minne: wakili wa nchi nyingine hatasema ndani ya nyumba hii mpaka alete ruhusa ya bâtonnier, yaani mkuu wa mawakili wa hapa, na ruhusa hiyo iwe ndani ya dosie, jalada la kesi, siku mbili kabla ya kikao. Marie-Jeanne alisaini bila kubadilisha hata neno moja.

Ndipo ikaja kesi ya kakao.

Mwanvua, mfanyabiashara wa Kasese, ng'ambo ya mpaka, Uganda, alikuwa amenunua magunia tisini ya kakao kutoka kwa Lusenge wa Beni. Kakao ilipofunguliwa kule ilikuwa na ukungu, na wanunuzi wake wakaikataa. Lusenge alisema imeozea katika depo, ghala la Mwanvua. Mwanvua alisema imefika tayari imeoza.

Lusenge huyo alikuwa mtoto wa baba mkubwa wa Virginie. Baba yake Virginie alipokufa, Lusenge ndiye aliyemchukua, akamkalisha nyumbani kwake Beu, mtaa wa Beni, akamsomesha hadi diploma. Virginie alipaswa kumwambia Marie-Jeanne habari hiyo siku dosie ilipofunguliwa. Alijisemea kwamba atamwambia kesho. Kesho ikawa wiki.

Siku nne kabla ya kikao, wakili wa Mwanvua alifika ofisini. Alikuwa mwanaume mwembamba, viatu vimejaa vumbi jekundu la barabara, jina lake Bwambale, Maître Bwambale kama mawakili wanavyoitwa. Alianza kwa Kifaransa cha kuokoteza, kisha akasikia Virginie akijibu simu kwa Kinande, akacheka kwa sauti. Lugha ya kwao milimani ni hiyohiyo, ila ng'ambo wanaiita Kikonzo.

"Kumbe niko nyumbani!" alisema.

Waliongea kama ndugu karibu saa nzima. Mwishoni akatoa bahasha. Ndani yake mlikuwa na ruhusa ya bâtonnier, iliyosainiwa vizuri, na pamoja nayo karatasi ya wapimaji wa mpakani ikionyesha kwamba kakao ilivuka ikiwa imelowa. Virginie aliisoma karatasi hiyo mara mbili. Akajua kwamba Lusenge alikuwa anadanganya.

"Nipatie alama kwamba umepokea," Bwambale aliomba.

Wino wa mhuri ulikuwa umekauka, na huo ulikuwa ukweli. "Nitakupatia siku ya kikao, Maître. Hapana kuhangaika."

"Kwa mtu mwingine ningekataa," alisema Bwambale. "Kwako siwezi. Wasingya." Asante, kwa lugha yao.

Alasiri Lusenge akapiga simu. Hakuomba kitu waziwazi. Aliuliza habari za batoto wa Virginie, akalalamika juu ya barabara, jinsi camion yake, lori lililobeba kakao ile, ilivyozuiliwa siku sita njiani kwa sababu ya vita, mvua ikinyesha juu ya bâche, turubai lililotoboka.

"Ule avocat wa Uganda anataka kuniua, Virginie. Kama karatasi yake ingechelewa kidogo tu, mambo ingeisha muzuri. Miye sikuambie kitu. Nasema tu."

Virginie alikata simu. Alichukua bahasha na kuiweka ndani ya dosie ya kesi nyingine, kesi ya mbao iliyokwisha kufungwa. Alijiambia ameiweka hapo kwa muda tu.

Siku ya kikao, Marie-Jeanne alifungua dosie, akageuza kurasa, akauliza, "Ruhusa ya avocat wa mama Mwanvua iko wapi?"

"Haiko ndani ya dosie, mama," Virginie alijibu. Hakuna neno la uongo katika jibu hilo. Alikuwa amelitengeneza tangu asubuhi.

Bwambale alisimama. "Madame, nilikupa mkononi."

Virginie alitazama mashine yake. Marie-Jeanne akamwuliza Bwambale kama ana alama ya kupokelewa. Hakuwa nayo. Akaambiwa akae benchi la nyuma na asiseme lolote. Mwanvua alibaki peke yake mbele, kitambaa chake cha kichwa kikiteleza, akijibu maswali ya Kifaransa yaliyotafsiriwa na Virginie huyohuyo. Alipoulizwa ushahidi kwamba kakao ilikuwa imelowa njiani, hakuwa na karatasi nyingine ya wapimaji, akasema, "Niliinusa kwa pua yangu." Watu wawili walicheka. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameshindwa.

Jumapili iliyofuata Lusenge alileta mbuzi. Batoto wa Virginie walifurahi. Virginie hakula; alisema tumbo linamuuma, na halikuwa linamuuma. Kanisani watu wa safu yake walipoinuka kupokea komunyo, alibaki ameketi, akijifanya anatafuta kitu ndani ya mfuko. Alifanya hivyo Jumapili tano.

Mwezi wa pili baada ya kikao ikaja barua kutoka Kasese. Bwambale hakutukana. Alieleza kwamba habari zimefika kwa wakubwa wa mawakili wa kwao: amefanya kazi katika nchi ya watu bila ruhusa, kisha amemsingizia katibu. Wamemsimamisha mpaka ajitetee. Aliomba jambo moja, watafute tena bahasha yake.

Marie-Jeanne alisoma, akavua miwani. "Andika, Virginie. Tumetafuta. Hatukupokea bahasha yoyote."

Virginie akaandika. Vidole vilikwenda vyenyewe kama siku zote, bila kosa hata moja, na alipofika kwenye "yoyote" akaona kwamba huu sasa ni uongo mtupu, hauna pa kujificha. Safari hii hakukuwa na simu ya Lusenge. Alikuwa yeye na mashine.

Aliinuka, akaenda kwenye kabati, akatoa dosie ya mbao, akaweka bahasha juu ya meza ya Marie-Jeanne.

"Iko hapa, mama. Ilikuwa hapa tangu mwanzo. Ni miye niliificha. Lusenge ni yaya wangu, kaka mkubwa aliyenilea."

Marie-Jeanne alirudisha miwani machoni, akasoma ruhusa, kisha karatasi ya wapimaji. Akazirudisha ndani ya bahasha.

"Sheria hii ya mawakili wa nje, ni nani aliiandika?"

"Ni miye."

"Donc, basi uliijua kuliko sisi wote." Akavua miwani. "Chukua vitu vyako. Lakini kwanza andika yote uliyonieleza, usaini. Yule avocat anahitaji barua hiyo leo."

Ilikuwa barua ya mwisho aliyoandika katika nyumba ile.

Kesi ilisikilizwa upya. Bwambale, aliyekuwa amerudishiwa kazi yake, alisema kwa robo saa tu, na ilitosha. Lusenge akaagizwa kutoa kakao nyingine, magunia tisini vilevile, kavu. Lakini wakati huo Mwanvua alikuwa amekwisha kufunga depo yake. Wanunuzi aliowatafuta kwa miaka kumi walikuwa wamehamia kwa wengine. Virginie aliitwa kama shahidi. Alipotoka alimkuta Bwambale barazani, akamwomba msamaha kwa Kinande.

Bwambale alimjibu kwa Kifaransa chake kibovu: "J'ai entendu, Madame." Nimesikia. Akashuka ngazi.

Lusenge hakusema naye tena. Alimtuma mke wake tu, aje kuuliza kama hivyo ndivyo mutu anavyolipa chakula cha miaka tisa. Chakula hicho Virginie alikila kweli, na kilipikwa kwa moyo mwema.

Sasa anaishi Lubero na batoto wake, anapanda viazi pamoja na mama yake. Habari ilimtangulia kule ikiwa imegeuka sura. Majirani wanasema ni mwanamke aliyeacha kazi kwa ajili ya ukweli, na mama yake anapenda kuwaeleza wageni hivyo. Mwanzoni Virginie aliwaacha waseme hivyo. Siku moja jirani yao Florentine alimleta binti yake ili asikie mfano mwema, na mama akaanza kusimulia kama kawaida.

"Mama, ngoja," Virginie alisema, akaweka chini kikapu cha viazi. "Anzia pale nilipoficha."

Mama hakupenda. Florentine alitazama pembeni. Virginie akakaa juu ya kigogo, akamweleza yule binti yote, na hakuruka mahali watu walipomcheka Mwanvua.