Muuguzi aliyeporwa uso wake mtandaoni

Saa mbili kasorobo asubuhi. Muuguzi anamweka mtoto wa miezi minne kwenye mizani, anasubiri mshale utulie, kisha anaandika kwenye kadi. Mama wa mtoto haangalii mizani. Anaangalia simu yake, anamtazama muuguzi, anarudi kwenye simu.

"Samahani dada, wewe ndiye yule wa mtandaoni?"

"Hapana, mama. Si mimi."

"Mbona sura ni hiyo hiyo?"

Muuguzi anamrudishia mtoto wake na kuita kadi inayofuata. Swali hilo ni la tatu tangu afungue dirisha.

Akina mama wa hapa wanamwita Dada Mizani. Ana miaka tisa katika kliniki hii ya watoto, chumba chenye benchi mbili na feni isiyozunguka. Kwa asubuhi moja huhudumia watoto themanini, siku nyingine mia. Kila mmoja hupata dakika tatu, nne akibahatika.

Masaibu yake yalianza na picha. Siku alipopewa sare mpya, mdogo wake alimpiga picha akiwa mlangoni anatabasamu, kitambulisho cha kazi kikining'inia kifuani. Muuguzi akaiweka kwenye ukurasa wake wa mtandao wa kijamii, uliokuwa na wafuasi mia mbili na kidogo, wengi wao ndugu na watu aliosoma nao.

Miezi michache baadaye wifi yake alimpigia simu.

"Wifi, kumbe siku hizi wewe ni mtu mkubwa hivyo, na hutuambii!"

Akamtumia ukurasa. Ulikuwa na jina lake, sura yake, wafuasi elfu arobaini na moja na alama ya kuonyesha kwamba mwenyewe amethibitishwa. Mtu asiyemjua alikuwa akiwashauri akina mama, huku akiwauzia matone ya kushusha homa.

"Mume wangu ni fundi friji, mtu wa mzaha. Aliniuliza, 'Sasa mimi nimeoa yupi?' Tulicheka sana. Hatujalicheka tena jambo hili," anasema.

Aliripoti. Akatuma picha ya kitambulisho chake, akageuza uso kushoto na kulia mbele ya kamera kama alivyoelekezwa. Baada ya siku mbili jibu likaja: akaunti yake imefungwa kwa sababu anajifanya mtu mwingine.

Tapeli alikuwa amemtangulia kuthibitishwa, kwa kitambulisho cha kughushi. Dada Mizani aliripoti mara ishirini na tatu. "Kila mara najibiwa na mashine. Inaniita mpendwa mtumiaji."

Katika kituo cha polisi, askari alimuuliza ana ushahidi gani kwamba yeye ndiye yeye. "Ningemwambia nini?"

Kisha akaja mama mmoja.

Ni mwanamke anayefua nguo za watu majumbani. Aliipita foleni yote, akamkaba muuguzi kola mbele ya benchi zilizojaa. "Ni wewe! Uso ni huu huu! Wewe ndiye uliyesema nisimpeleke hospitali!"

Mwanawe wa mwaka mmoja alishikwa na homa. Kwa siku tatu mama alimpa matone kama alivyoelekezwa na ule ukurasa. Alipofika hospitali, ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Mtoto alipona, lakini masikio yake hayasikii tena.

Wauguzi wenzake waliwaachanisha. Mama aliacha simu yake mezani, na Dada Mizani akasoma ujumbe wote aliokuwa akitumiwa na tapeli, mmoja baada ya mwingine, amesimama kando ya friji ya chanjo.

"Tapeli alikuwa anamwita 'mwanangu'. Asubuhi anamuuliza mtoto ameamkaje, jioni anamuuliza kama wamekula. Nikatafuta kwenye daftari. Mama huyu alikuwa ameshapita mikononi mwangu mara nne, na mimi simkumbuki hata kidogo."

"Yule tapeli alimpa muda. Hilo ndilo linaloninyima raha."

Ukurasa uliondolewa wiki moja baadaye, hospitali ilipoandika barua. Tangu hapo zimeibuka nyingine mbili zenye sura ile ile. Mwenye kuziendesha hajajulikana.

Mama wa mtoto ilimchukua miezi miwili kukubali kwamba alimkaba asiyehusika. "Najua siye," anasema, akikamua shuka kwenye beseni. "Lakini nilichoamini mimi ni ule uso. Mpaka leo nikimtazama, moyo unanienda mbio."

Hata hivyo alirudi. Alisubiri kliniki ifungwe, akakaa mwisho wa benchi, mtoto mapajani.

"Dada, nikimwita kwa nyuma hageuki. Nitamfundishaje jina lake?"

"Nilimwambia tutatafuta," anakumbuka muuguzi.

Alitafuta. Sasa kila Jumamosi wanakutana katika darasa moja la shule ya viziwi, ambako mwalimu, naye kiziwi, anawafundisha wazazi lugha ya alama. Hawakai dawati moja. Mama ameshajua alama hamsini na kitu. Muuguzi, ambaye hukosa vipindi kwa sababu ya zamu, anazo ishirini.

Amemwomba mkuu wa kliniki muda wa saa moja kila siku baada ya kazi, akae tu na akina mama wenye maswali. Barua haijajibiwa. Anasema ataandika nyingine.

Kuna jambo jingine analolingojea. Mwalimu aliwaeleza kwamba kwa viziwi kila mtu huwa na alama yake ya jina, na mtu hajipi mwenyewe. Hupewa na kiziwi anayemfahamu. Wanafunzi wenzake kadhaa wameshapewa zao na mwalimu. Yeye aliomba asipewe kwanza.

"Nataka anipe yule mtoto," anasema. "Akue kwanza, aelezwe yote yaliyotokea, na mimi niwe nimekaa hapo hapo mbele yake. Kisha aamue mwenyewe aniite nani."

Anatazama mikono yake. "Kama atataka kuniita."