Chungu cha Corinne na bili ya Bwana Orest

Corinne Wasyliw si mtu wa kukaa. Hata wakati wa chai, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali tunakofanya kazi pamoja, hunywa amesimama, mkono mmoja ukikunja foronya. Nimemjua miaka kumi na moja. Alikulia shambani nje ya mji wetu, akaolewa, akaachika, na alichotoka nacho kwenye ndoa ile ni binti yake Tess na chungu kimoja cha umeme, kile kinachokaa ndani ya ganda la bati na kupika polepole kutwa nzima. Kishikio cha kifuniko kilivunjika zamani, akafunga skrubu ya mlango wa kabati badala yake.

Saa kumi na moja alfajiri hutia humo maharage, viazi na kipande cha nyama ya nguruwe, akachomeka, akaondoka. Zamu yetu ikiisha saa nane mchana, anakwenda kusafisha kwa daktari wa meno mpaka saa kumi na mbili jioni. Tess akirudi shule anakuta chakula cha moto.

"Siwezi kumpokea mlangoni," aliwahi kuniambia. "Basi angalau harufu impokee."

Septemba iliyopita walihamia vyumba vya chini vya nyumba ya Bwana Orest Hnatiuk, mzee aliyefiwa na mkewe mwezi Machi. Umeme ulikuwa ndani ya kodi. Theluji ikaanguka, bili zikapanda, na Januari mzee akashuka ngazi na karatasi mkononi.

"We mama, ni kitu gani hicho kinachemka kutwa na mwenyewe hayupo?"

"Supu, mzee."

"Supu ya saa kumi nzima? Unachemsha ng'ombe mzima?"

"Inapika polepole tu."

"Inapika polepole, inakula haraka! Bili imekuwa mara mbili. Chungu kiondoke, la sivyo mwisho wa Februari uondoke nacho."

Hakukuwa na vyumba vingine karibu na shule kwa bei ile. Ilikuwa ama hapo, ama kwa dada yake, mwendo wa saa tatu kwa gari, na Tess alikuwa amebakiza miezi mitano amalize shule. Corinne alikuja kazini macho mekundu.

"Nitamhamishaje sasa hivi, dada? Nimwambie nini mtoto? Tumefukuzwa kwa ajili ya maharage?"

Nami niliamini mzee ana haki. Kitu kimewaka saa kumi mfululizo, kitaachaje kula umeme? Mimi mwenyewe hugeuza gari njiani nirudi kuhakikisha kama nimezima pasi.

Basi chungu kikawekwa kwenye buti la gari langu. Corinne akawa anapika usiku kwa oveni, amechoka, na Tess anashinda na mkate mkavu. Wakazima taa. Wakawa wanaongea gizani kama wezi. Nikipita kuwaona, Corinne alikuwa anagusa kila swichi, anarudi, anaigusa tena.

Bili ya Februari ikaja. Imepanda zaidi.

Mzee alishuka akinusa hewa. "Umekificha wapi?"

"Kwenye buti la gari la mwenzangu, mzee. Twende ukakione, kimeganda kama jiwe."

"Mimi nanusa maharage."

"Hayo ni ya mwezi jana, yameingia kwenye mapazia!"

Zilikuwa zimebaki siku tisa mwezi uishe. Ndipo nilipokumbuka kwamba maktaba yetu huazimisha vipimo vya umeme, kama inavyoazimisha vitabu. Unakichomeka ukutani, unachomeka chombo chako juu yake, kinakuonyesha kimekula uniti ngapi. Nikaleta kimoja Jumamosi, pamoja na chungu.

Bwana Orest alivuta kiti akakaa mbele ya chungu tangu asubuhi, na koti lake, kama askari wa benki. Corinne alizunguka jiko zima. Mimi nilitazama tarakimu mpaka macho yakauma. Zilikuwa hazisogei. Nilidhani kimeharibika.

Baada ya saa kumi nzima kilisoma uniti moja na nusu.

"Hiyo ni kama senti ishirini na tano, mzee," nikasema. "Kwa kutwa. Oveni ya jioni moja inakula zaidi."

"Hicho kidude kimeshikwa na mji mzima. Kimechoka." Akasimama, akachungulia dirishani. "Ngojeni nikachomeke gari, jua linazama."

Kwetu baridi ikikaza kila gari huchomekwa kwenye umeme, injini ipashwe moto, la sivyo asubuhi haiwaki. Lakini mume wangu huchomeka alfajiri, saa tatu tu kabla ya kuondoka. Huyu anachomeka magharibi, na pikapu yake haitoki kabla ya saa nne asubuhi, anapokwenda kunywa kahawa na wazee wenzake. Nikamtazama Corinne. Akanikazia macho ninyamaze. Alijua kama nami nilivyojua: mzee akiaibika, anafukuza mtu.

"Mzee," nikasema polepole, "kama kipimo kimechoka, tukijaribu kwenye kitu kingine si tutajua? Tuseme gari."

"Haya! Mtaona kitakavyowadanganya." Akakichomeka mwenyewe barazani, na waya wa gari juu yake.

Sikulala vizuri. Jumapili saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwao. Corinne alikuwa tayari barazani, koti juu ya nguo za kulalia, na mzee ameinama mbele ya kipimo, miwani mkononi.

Uniti kumi na tatu na ushee. Kwa usiku mmoja.

Mzee alipangusa miwani kwa koti. Nilimwona Corinne akishika ukuta. Nikawaza, sasa ndiyo basi, leo hii tunafungasha.

"Machi ile," akasema mzee, "mke wangu Nettie alipobanwa kifua, gari halikuwaka. Nilikuwa sijalichomeka. Nikasema hakutakuwa na baridi sana." Akavaa miwani. "Ambulensi ilichukua dakika arobaini."

"Pole, mzee," Corinne akasema.

"Gari silichomoi. Mnisikie vizuri. Bili ije inavyokuja."

"Na sisi?"

"Nyinyi pikeni maharage yenu."

Nilimgusa Corinne kiwiko. Maneno ya barazani huyeyuka. Akaelewa.

"Niandikie, mzee."

"Nini? Huniamini?"

"Nakuamini. Niandikie."

Alinung'unika kwa Kiukraine, lugha ya kwao, akatoa ile bili ya Februari mfukoni, akaandika nyuma yake, ameiegemeza kwenye ukuta: chungu ruhusa, vyumba ni vyao mpaka mwisho wa Juni. Akatia sahihi. Corinne akaisoma, akairudia, kidole chini ya kila neno.

"Na baada ya Juni?"

"Baada ya Juni hakuna baridi, mama. Tutatafuta kingine cha kugombania."