Tairi Lililosingiziwa

Mtaa mzima ulimwita Pimamaji, na jina hilo hakuliokota njiani. Alikuwa mchomeleaji mstaafu asiyeamini hata jicho lake mwenyewe. Hata meza ya chakula aliilazia pimamaji lake, kile kifaa chenye kitone cha hewa kinachoonyesha kama kitu kimekaa sawa, kabla sahani hazijapangwa. Mkewe alizoea kumtania, "Wewe siku ya kunizika utalipima na kaburi." Siku hiyo ilipofika, miezi mitano iliyopita, alilipima kweli, na hakuna aliyecheka.

Kwa waliokuja kumpa pole alikuwa na neno moja tu: "Hapakuwa na dalili. Ningeona." Daktari alikuwa amesema ugonjwa ulimla mama yule kwa muda mrefu, polepole, lakini mzee alilishikilia neno lake. Bila hilo asingepata hata lepe la usingizi.

Walikuwa na trekta dogo la bustani. Nyonga ya mzee iliumia kazini zamani, hawezi kukanyaga klachi, kwa hiyo kazi waligawana: mume anafunga plau, mke analima. Misimu kumi na tisa walikwenda hivyo.

Kufunga plau si kupachika pini ukaondoka zako. Trekta likilima, magurudumu ya kulia hupita ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, na chombo chote kinalalia upande. Basi mzee aliweka ubao wa inchi sita, sawa na kina cha kulima, chini ya magurudumu ya kushoto, akalishusha plau mpaka sakafuni, akalaza pimamaji juu yake. Kisha mke alipanda kitini, maana matairi madogo kama yale hubonyea kwa uzito wa mwendeshaji, na mlalo wa plau ukabadilika.

"Kaa kitako, mama. Usipumue."

"Nisipumue nife, uoe mwingine?"

Naye mzee chini kule, mgongo sakafuni, alizungusha nati ya kurekebishia mpaka kitone cha hewa kikatulia katikati ya kioo. Mwaka wa kwanza alipaka rangi nyekundu kwenye skrubu pale nati iliposimama, na kila msimu nati ilirudi pale pale. "Mke wangu hapungui wala haongezeki," alijigamba kwa majirani.

Msimu uliopita nati ilipita alama kwa mizunguko mitatu. Mzee alipima tena na tena. Akalaumu matairi ya nyuma, hasa la kushoto, kwamba mpira umezeeka na haubonyei tena. Akalivua, akalibeba mwenyewe kwa mziba pancha, akaambiwa, "Mzee, tairi zima hili." Akamwita yule bwana kipofu mbele ya wateja wake. Aliporudi nyumbani na kulifunga tena, mkewe, amekaa kwenye kiti cha trekta ndani ya gauni lake pana, akasema taratibu, "Labda ni tairi, baba watoto." Akalima mpaka mstari wa mwisho. Wiki ya pili baada ya hapo akalala kitandani, hakuinuka tena.

Sasa mvua zilikuwa zinanukia, na binti yao alikuja kulima. Alikuwa mama yake mtupu, mabega yale yale, upana ule ule. Mzee alilifungua banda kwa shingo upande. Ubao chini, plau chini, pimamaji juu. Binti akapanda.

Kitone cha hewa kikakimbilia pembeni. Mzee akazungusha nati kuirudisha nyuma, mara moja, mara mbili, mara ya tatu. Kitone kikatulia. Akafuta vumbi kwenye skrubu kwa kidole gumba, na chini ya vumbi nati ilikuwa imesimama juu ya rangi nyekundu.

Matairi yalikuwa yale yale. Hakuna aliyeyagusa tangu msimu ule.

"Baba, bado?" binti aliuliza. "Baba?"

"Tairi lilikuwa zima," mzee alisema kutoka chini.

"Tairi gani?"

"Mama yako alikuwa amepungua, mwanangu. Alikuwa amekwisha ndani ya lile gauni. Chuma kiliniambia, mimi nikaenda kugombana na mziba pancha." Akalia pale pale sakafuni, spana kifuani.

Binti akainua mguu ashuke amshike.

"Usishuke," mzee akamwambia. "Kaa hapo hapo kidogo. Usishuke kwanza."