Gunia Nililolikalia

Ndani ya nyumba tulikuwa watano: baba mkwe, mama mkwe, wifi yangu aliyekuwa na homa, mtoto wake wa wiki tatu, na mimi, mke wa kijana wao wa pili. Wa sita alikuwa mfugaji wa Kimasai kutoka upande wa Endulen, rafiki wa baba mkwe tangu ujana wao. Majina yao ninayo yote mpaka leo, hata la ng'ombe ninalo, ila siyaandiki kwa sababu wajukuu zao wapo.

Ilikuwa miaka ya sabini, kiangazi. Wifi maziwa yalimkauka kwa homa. Ng'ombe wa majirani walikuwa wameteremshwa bondeni Baray kufuata majani, sisi tukabaki na mmoja tu, aliyezaa karibuni. Ndama wake akafia malishoni, fisi wakamla na ngozi yake.

Anayefuga anaijua shida hiyo. Kwetu ng'ombe aliyefiwa hutengenezewa ndama: ngozi ya ndama wake inakaushwa, inajazwa majani makavu, anawekewa mbele ailambe, ndipo anaachia maziwa. Bila ngozi anabana. Nilikamua mpaka vidole vikafa ganzi, sikupata hata ya kulowesha ulimi wa mtoto.

Siku mbili tulizungumzia ngozi tu. Mtoto tukawa tunampa uji mwepesi kwa ncha ya kijiko, anatema. Siku ya kwanza alilia sana. Siku ya pili hakulia, na hapo ndipo nilipoogopa.

Yule Mmasai akaleta ngozi ya ndama mwingine. Tukaijaza majani, tukaipaka chumvi. Ng'ombe akainusa mara moja tu, akaipiga pembe ikaangukia mafigani.

"Mzee mwenzangu," rafiki akasema, "ng'ombe wako ana akili kutushinda sisi sote."

"Basi mwulize yeye tufanye nini," baba mkwe akajibu.

Mama mkwe akanigeukia. "Na wewe umekaa tu! Inuka ulete maji, mtoto midomo imempasuka."

Nikainuka. Siku hizo tulilala na mifugo nyumba moja, na nilikuwa nimekaa karibu na ng'ombe, juu ya gunia. Nikalinyanyua nilikung'ute. Ng'ombe akanyoosha shingo. Nikalipeleka kushoto, akalifuata kushoto. Ndilo gunia nililomfutia ndama siku aliyozaliwa, akawa analilalia mpaka alipokufa.

"Mama," nikasema, "huyu hataki ngozi. Anataka harufu."

"Lete hapa!"

Akalinyunyizia maji ya chumvi, akamshikia puani. Ng'ombe akalamba, akalamba. Mimi nikachuchumaa nikangoja, mkono kwenye chuchu, mpaka nikasikia zinajaa.

Mtoto aliishi. Leo ni mama wa watu. Lakini wakinisifia akili ile nainamisha kichwa, maana siku mbili nzima nililikalia gunia lile nikililia ngozi. Nisingefokewa, ningekuwa nimelikalia mpaka siku ya tatu.

Wifi alikuwa akisema kwamba aliyeiona kwanza shingo ya ng'ombe ikinyooka ni mama yake, si mimi. Inawezekana. Mimi nakumbuka ni mimi. Wewe uliyesikia vingine kwa wazazi wako, njoo unisahihishe ningali hai. Sitakasirika.